Biskuti za Malenge Mlizokula Bila Kuuliza

Nimewasalimu na mmeitika vizuri. Asanteni. Nimezipokea hizo salamu mapema, kwa sababu nikimaliza sijui kama kuna mtu humu atanijibu tena.

Mwenyekiti ameniomba nishuhudie jinsi tumbo langu lilivyopona. Akaniambia, "Sema maneno ya kuwatia watu moyo, usikae sana." Mwenyekiti, mimi ni mwokaji mikate, si mhubiri. Mkate ukiungua, kwetu hatuupaki siagi juu tukauita keki. Leo nawapa ulioungua. Na tusitajane majina, ndiyo desturi ya ushuhuda. Lakini mtu akijiona humu ndani ya maneno yangu, asinilaumu mimi, alaumu kioo.

Sisi watu wa Nyakach tunaoishi hapa Kisumu tunajuana. Mlioingia chama juzi, nawaambia kwa kifupi: nilianza kazi kwenye tanuri moja la mikate hapa mjini, Uhuru ukiwa bado mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuingiza na kutoa mikate kwa lile koleo refu la mbao. Tulikuwa na ujinga wetu pale kazini. Mkate wa kwanza ukitoka tunaupasua ukiwa bado unatoa moshi, tunautia pilipili, tunausukuma kwa chai nyeusi kali. Anayengoja upoe anaitwa bibi harusi. Mimi sikutaka kuitwa bibi harusi. Nikaufanya ujinga huo kila siku ya kazi, na sigara juu yake, mpaka tumbo likaanza kuwaka kama mtu ameweka kaa hapa, chini ya kifua.

Nikaenda hospitali. Sista mmoja akanibonyeza, akaniuliza maswali, akasema, "Una vidonda vya tumbo. Acha chai kali, acha pilipili, acha sigara, acha huo mkate wa moto. Kula vitu laini, kidogo kidogo, mara nyingi."

Nikamwambia, "Sista, mimi si kifaranga."

Akasema, "Basi nenda ukafe kama jogoo."

Nilicheka. Msicheke nyinyi. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kula nyama ya kuchoma.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Baba yangu alikuwa na wake watatu. Mama aliyenizaa ni wa kwanza. Wa tatu, ambaye sisi wote tunamwita mama mdogo, hakujaliwa mtoto. Na nyinyi mnajua boma zetu zilivyo. Kosa likikosa mwenyewe, anapewa mwanamke asiye na mtoto wa kumtetea.

Huyu mama mdogo alikuwa na tabia moja. Akikupikia, anakaa mbele yako anakutazama ukila. Hasemi kitu. Anatazama tu mkono unavyokwenda kwenye sahani na kurudi. Mwaka mmoja nikapata likizo, nikaenda nyumbani na mikate miwili ya zawadi. Njiani, pale Katito, nilisimama nikala samaki wa kukaanga na pilipili, nikanywa chai mbili za kuunguza mdomo. Hilo sikumwambia mtu. Nikafika, mama mdogo akanikaribisha kwake kwa ugali na samaki, kamongo wa mchuzi. Nikala, akanitazama. Kweli alinitazama! Amekaa jikoni tangu asubuhi, mlitaka atazame nini, ng'ombe?

Kabla sijanawa mikono, tumbo likanikata. Nikaanguka palepale mlangoni mwake.

Baba mdogo mmoja, na kama yumo humu anaweza kukohoa, akaja mbio. Hakuuliza nimekula nini njiani. Alitazama ile sahani, akamtazama mama mdogo, akasema neno moja: "Sihoho."

Vijana waliozaliwa mjini, sihoho ni jicho. Wanasema kuna mtu ambaye akikutazama ukila, chakula kinakukwama tumboni na kukaa humo, kinakula wewe badala ya wewe kukila, mpaka aje mtu wa kukitoa. Na mtu mwenye jicho hilo, watu wakimwona wanafunika sahani.

Siku iliyofuata, jua likiwa juu, akaletwa mama mmoja wa kutoa. Boma zima likajaa. Nikalazwa kwenye mkeka uani. Akanichanja tumbo kwa wembe, chale ndogo ndogo, akaweka kitambaa, akaweka mdomo, akanyonya, akatema kwenye karai la maji. Ukatoka mfupa wa samaki. Watu wakasema, "Aaa!" Kikatoka kipande cha nyama. "Aaa!" Cha tatu kilikuwa kipande cha mkate, kama ukucha wa kidole gumba hivi. Yule mama akakiinua juu, akasema, "Hiki kimekaa humu tangu mwaka jana. Alitazamwa mwaka jana, akatazamwa tena jana."

Akaniwekea mkononi ili nikitupe mwenyewe.

Ndugu zangu, nawaambia, ninachojua duniani ni kidogo. Lakini mkate naujua. Nikiufinya nakwambia umetoka tanurini lini na nani alikanda. Kile kipande kilikuwa laini katikati, ganda lake halijalowa vizuri. Kilikuwa mkate wetu, mkate niliouleta mimi kwenye mfuko siku iliyopita. Na yule mama wa kutoa alikuwa amepewa chai kwa mkate uleule kabla ya kuanza kazi.

Nilijua. Naomba mnisikie vizuri, maana hapa ndipo wengi mtataka kunisamehe haraka na mimi sitaki. Sikudanganywa. Nilijua pale pale, kikiwa katikati ya vidole vyangu, kwamba ni uongo.

Nikakitupa. Nikanyamaza.

Kwa nini? Kwa sababu watu wote walikuwa wamefurahi. Kwa sababu baba mdogo alikuwa amesimama juu yangu na fimbo anasema, "Lisemwalo lipo." Na kwa sababu nilikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu hupenda kupewa mtu wa kulaumu. Ukisema ni pilipili na sigara, basi mwenye kosa ni wewe. Ukisema ni jicho la mama mdogo, wewe ni mgonjwa tu, unahurumiwa na kuchinjiwa kuku.

Mama mdogo aliletwa uani. Hakuwauliza wao. Aliniuliza mimi: "Nyathina, mwanangu, na wewe waamini hivyo?"

Nilitazama mkeka.

Wakatoa vyungu vyake nje wakavivunja. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hakufungua mdomo, Mungu amrehemu. Mama mdogo akafunga nguo zake kwenye shuka, akatembea kwa miguu mpaka Katito kutafuta basi. Wengine wenu mlikuwepo. Mlisimama kando ya njia. Naona hapo nyuma mtu anaangalia saa. Angalia tu, Bwana, muda bado upo.

Haya, niliponaje? Sikupona! Ndilo jambo la kuchekesha. Jicho limeondolewa, mkate wa mwaka jana umetolewa, mama wa watu amefukuzwa, na mimi nikarudi Kisumu nikaendelea kutapika. Nikakonda mpaka suruali nikaifunga kwa kamba ya gunia. Mwishowe nilitapika kitu cheusi mbele ya tanuri. Mwenye kiwanda akaniondoa kwenye koleo, akaniweka kufunga mikate kwenye karatasi, kazi ya watu dhaifu. Na nyinyi, wapendwa wangu wa chama, mlikuja kuniona mara moja. Mkasema labda yule mama mdogo ananifuata kutoka huko aliko. Mkaenda zenu.

Alikuwa hapa Kisumu. Alikuwa mtaa wa Manyatta, kwenye chumba cha udongo, na Jumapili anauza malenge ya kuchemsha pale soko la Kibuye. Nilimwona siku moja nikipita sokoni. Nikajificha nyuma ya mzigo wa vikapu, mimi mwanamume mzima. Akaniona hata hivyo.

"Wewe! Toka huko. Mbona umekuwa hivyo?"

Nikatoka.

"Unakula nini?" akauliza.

"Sili kitu, mama. Hakikai."

Akakata kipande cha malenge, akakiponda kwa kijiko kwenye bakuli, akatia chumvi kidogo. "Bi ichiem," akasema. Njoo ule. Halafu akakaa mbele yangu kwenye kigunia chake, akafanya vilevile kama zamani. Akanitazama.

Niliogopa, ndugu zangu. Mimi niliyejua ukweli kuliko watu wote, niliogopa! Uongo ukiunyamazia muda mrefu unaanza kuuamini mwenyewe. Nikameza kijiko cha kwanza nikangoja kukatwa. Hakuna. Cha pili, hakuna. Nikamaliza bakuli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi chakula kukaa tumboni mwangu kikatulia.

Akasema, "Nilikuwa nakutazama kwa sababu ulikuwa unakula haraka tangu utoto. Nilikuwa naogopa utakwamwa na mfupa."

Nililia pale Kibuye mbele ya wauza vitunguu. Nikamwambia habari ya kile kipande cha mkate, kwamba nilijua. Nilidhani atanipiga kwa bakuli. Alipanga malenge yake upya yote, moja moja, akasema, "Kesho uje na maziwa." Hakusema amenisamehe. Mpaka leo hajasema, na mimi sijamwomba aseme.

Sasa wale mnaotaka habari ya chakula, sikilizeni hapa, maana najua nusu yenu mmekuja kwa hilo.

Yale maagizo ya sista niliyoyacheka, kula laini, kidogo kidogo, mara nyingi, ndiyo mama mdogo alinifuatishia. Lakini mtu wa kazi hawezi kubeba bakuli la malenge mfukoni. Nikafikiri, nitayaoka. Wakati huo kulikuwa na duka moja mjini lililokuwa likiuzia Wazungu. Wazungu wakawa wamefunga mizigo kwenda kwao, na mikebe ya oti, ile nafaka yao ya uji, ikabaki kwenye rafu inakusanya vumbi. Sista alikuwa ametaja uji wa oti. Nikachukua mikebe.

Nilichemsha malenge, nikachanganya na oti na unga wa ngano, nikaweka kwenye treyi. Kikatoka kitu kama zege. Kilishika kwenye treyi tukakibandua kwa patasi. Wenzangu wakacheka wiki nzima. Nikampelekea mama mdogo kipande. Akakitafuna, akakitema kwenye kiganja kwa heshima.

"Malenge umeyachemsha?"

"Ndiyo."

"Maji yote hayo yaende wapi? Choma. Na usichukue malenge mabichi mabichi. Chukua yenye ganda gumu, yaliyokaa kwenye paa mpaka yakasahaulika."

Basi tukafanya alivyosema. Mkate wa mwisho ukitoka asubuhi, tanuri linabaki na joto la upole, halichomi tena. Hapo naingiza malenge yaliyokatwa vipande, na maganda yake. Yanakauka na kuwa matamu yenyewe. Mama anayakwangua, anayaponda, anayafunga kwenye kitambaa yatoe maji yaliyobaki. Oti tunazikaanga kavu kidogo, nusu tunazitwanga, nusu tunaziacha. Sukari guru kiasi cha kunusa tu. Mafuta kidogo sana. Chumvi. Hakuna pilipili, hakuna tangawizi, hakuna kitu cha kuamsha tumbo lililolala. Biskuti zinaokwa polepole mpaka ziwe kavu nje na laini ndani. Unakula mbili na maziwa, unangoja, unakula mbili tena. Sisemi ni dawa. Dawa nilirudi kuchukua hospitali, na sigara niliacha, na mkate wa moto sijaugusa. Nasema ni chakula ambacho tumbo bovu haligombani nacho. Mwaka ulipozunguka nilirudi kwenye koleo langu.

Mama akaenda nazo Kibuye kuuza. Hakuna aliyenunua. Watu wetu walipita wakawavuta watoto mkono. Akaniletea kikapu kizima, akasema, "Uza wewe."

Nikaziuza. Na nani alinunua? Hii hapa, sasa tumefika.

Mmenunua nyinyi. Miaka yote hii mmezila. Yule mzee mwenye asidi, anayetuma mjukuu kila Jumamosi, amezila. Mama aliyejifungua na tumbo likawa halishiki kitu, tulimpelekea, akazila. Mwalimu ambaye mkewe ananisimamisha barabarani kusema "Ero kamano, asante, umetuponyea baba yetu," amezila. Na baba mdogo, yule wa fimbo, yule wa lisemwalo lipo, ambaye siku hizi chakula kingine kikimwingia kinatoka, anazila asubuhi na jioni, na anasema tumbo lake halijawahi kutulia hivyo.

Mliniuliza ni mashine gani inaweka ile mistari mitatu juu ya kila biskuti. Nikawaambia ni mashine kutoka Nairobi. Ni vidole. Ni vidole vitatu vya mama mdogo. Kila biskuti mliyoiweka mdomoni, yeye ameifinyanga kwenye kiganja chake, akaibonyeza, akaitazama. Ndiyo, Mama uliye hapo mbele, aliitazama! Mbona unashika tumbo? Lilikuwa haliumi dakika moja iliyopita.

Kelele chini. Nisikilizeni nimalize, mtanifukuza baadaye.

Mnadhani nawasema nyinyi peke yenu. Mimi ndiye mkubwa wenu kwa uovu huu. Nilimfukuzisha kwa kunyamaza, halafu nikauza kazi ya mikono yake kwa kunyamaza tena, nikapokea shukrani zenu na kuziweka mfukoni mwangu. Ningeendelea. Kilichonisimamisha ni mazishi ya baba juzi.

Yeye ni mjane wa baba. Alikuja kumzika mumewe. Wageni walipokula, wake wa watu wakampelekea sahani nyuma ya ghala, wakamgeuza atazame ukuta, asije akaona mtu anatafuna. Na uani, vikapu vya biskuti nilivyoleta vikawa vinazunguka, mikono inagombania. Nilimfuata huko nyuma. Alikuwa anasikia kelele zile za watu. Akaniambia, "Wanazipenda, eh?" Alikuwa amefurahi kweli! Hilo ndilo lililonivunja. Angelia ningevumilia.

Nikamuuliza, "Mama, nikufanyie nini?" Nilifikiri ataomba nyumba, ataomba vyungu vyake. Akasema, "Nimechoka kula nikitazama ukuta. Nataka kula nikiona watu."

Ni hilo tu.

Sasa shukrani, kama ilivyo desturi. Namshukuru Mungu, ambaye nadhani alikuwa na hasira na mimi muda wote na bado akaniacha hai. Namshukuru yule sista wa jogoo na kifaranga. Nawashukuru wenzangu wa tanuri walioniachia joto la asubuhi, na mwenye duka aliyeendelea kuagiza oti wakati wateja wake wameondoka. Na namshukuru mama mdogo, ambaye nilimla nyama na yeye akanilisha.

Mafunzo? Mmezoea nifunge na mstari mzuri. Sina. Nina hili: kitu unachokijua kwa vidole vyako, kiseme siku hiyohiyo, wakati kimeshikika. Mimi ningesema maneno matano tu pale kwenye mkeka, "Huu ni mkate wa jana." Sikuyasema, na mwanamke mmoja amekula na ukuta miaka kumi.

Mama mdogo yuko hapo nje. Nimemleta mimi. Amekaa kwenye benchi upande wa jua, chai ameshamiminiwa, na kama kawaida amegeuzia uso kwenye ukuta wa kanisa bila kuambiwa na mtu. Mimi nashuka hapa naenda kumgeuza. Nitakaa upande wake wa kulia, nile, anitazame mpaka ashibe kutazama. Kwa hiyo msinipigie makofi, nayajua makofi yenu. Upande wake wa kushoto kuna nafasi ya mtu mmoja.

Baba mdogo, umesikia. Njoo na kikombe chako.